Safari ya Kolo kwa Gari Lisilotakiwa Kuzimwa

Niseme ujinga wangu mapema, kabla jirani yangu Mama Nyemo hajausema kwa ile sauti yake inayofika mpaka kwa muuza chipsi: gari langu lilipoanza kuamka betri ikiwa imekufa, nilichofanya ni kununua betri nyingine. Sikuuliza ile ya kwanza imeuawa na nani. Niliitoa, nikafunga mpya, nikashusha boneti, nikapangusa mikono kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji, nikaingia ndani kunywa chai. Ni sawa na mtu ambaye panya wamemmalizia unga, akaenda dukani akanunua mwingine, akauweka pale pale.

Mmeniuliza barazani kilitokea nini huko Kondoa hata nikarudi nacheka peke yangu. Nimejaribu kusimulia kwa mdomo, lakini ninyi hamsikilizi, mnakatiza. Basi someni.

Kwa ambao hawanijui vizuri, mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na nguo za harusi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, upande wa Chimwaga, na safari yangu ndefu kwa siku ya kawaida ni kutoka kwenye cherehani hadi kwenye pasi. Magharibi ikiingia nimeshafunga mlango na kushusha pazia. Gari ninalo, kigari kidogo cha gia za mkono, na kazi yake ni kupeleka sare Chamwino shule zikikaribia kufunguliwa. Siku nyingine zote linakaa uani na kuku wanataga chini yake.

Mara ya mwisho nilipopeleka mashati meupe Chamwino yalifika mekundu kwa vumbi. Mwalimu aliyapokea akaniuliza kama shule imebadili sare bila kumwambia. Niliumia. Nikarudi nyumbani, nikachukua ndala zangu kuukuu za bluu na kipande cha sponji la godoro, nikakata vipande vyembamba na kuvibandika kwa gundi kuzunguka mdomo wote wa buti. Tangu siku hiyo haijaingia chembe ya vumbi. Nilijisifia buti lile kwa kila aliyeingia uani, pamoja na wateja waliokuja kupunguza suruali.

Uani kwangu, ambako safari ilitaka kuishia

Zaituni ni kitinda mimba wetu. Baba alishafariki, babu pia, kwa hiyo walii wake ni mimi. Mimi ndiye wa kutamka mbele ya shehe kwamba nimemwoza. Nikahi ilipangwa Jumamosi baada ya alasiri, kijijini kwetu, milimani juu ya Kolo, ukishaupita mji wa Kondoa. Baba mdogo Ramadhani alikuwa tayari kunishikia nafasi, na walii akipata dharura anaweza kumteua mtu amwakilishe hata kwa simu. Kwa hiyo upande wa sheria mlango ulikuwa wazi. Aliyeufunga ni Zaituni mwenyewe.

"Kaka Issa," aliniambia kwa simu, "Mwanahawa alipoolewa ulimtumia gauni. Rehema ulimtumia gauni na mashuka. Mimi usinitumie kitu. Njoo. Kama huji, sema sasa hivi nizoee."

"Nitakuja na gauni."

"Uje wewe. Gauni nitaazima."

Lile neno "nizoee" lilinichoma. Mke wangu alipotangulia na watoto kwa basi kwenda kusaidia mapishi, aliniaga hivi: "Tutaonana, Mungu akipenda na wewe ukipenda."

Jumamosi asubuhi nilivaa kanzu yangu nyeupe kabisa, nisije nikafika nimechelewa halafu nianze kutafuta pa kubadilishia. Gauni nililikunja ndani ya kitambaa cha marekani, nikalilaza kwenye buti lote, nikalifunga utepe huku juu, katikati na huku chini ili lisijikunje. Buti likafungwa vizuri. Shangazi yangu Mwajuma, dada yake marehemu baba, ambaye magoti yake hayataki mabasi, alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na kikapu chake mapajani. Nikazungusha ufunguo.

Tak.

Nikazungusha tena. Tak.

Betri ile nilikuwa nimeifunga Jumatatu. Haikuwa imetoka hata nje ya geti.

"Shangazi, gari limekufa."

"Inna lillahi," akasema. "Lilikuwa linaumwa?"

Sasa hapa niwaambie jambo ambalo sikumwambia hata mke wangu. Nilifurahi. Kidogo, lakini nilifurahi. Niliona cherehani yangu kupitia dirishani, nikaona birika la chai, na moyo ukakaa chini kama mtu aliyevua viatu. Nimejaribu, si nimejaribu? Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta simu. Nikakuta shangazi ananitazama.

"Unampigia nani?"

"Hapana, naangalia saa."

"Saa iko mkononi kwako, baba."

Kichwa cha Mama Nyemo kikatokea juu ya ua. Dirisha la chumba chake linatazama uani kwangu, na hakuna kinachompita. "Jirani! Leo ndiyo siku ya kusafiri? Nimeacha uji jikoni nije nishuhudie."

Bahati mbaya yangu, ambayo baadaye nimeihesabu kuwa bahati nzuri, boza la maji lilikuwa kwake linajaza simtanki. Mama Nyemo alimwita dereva kabla sijafungua mdomo. Nyaya zikaja, tukaunganisha betri kwa betri, nikazungusha, gari likanguruma. Dereva alikunja nyaya zake akaniinamia dirishani.

"Usilizime," akaniambia. "Mpaka ufike."

Chimwaga hadi Makutupora

Mtu anayeendesha gari lisilotakiwa kuzimwa anaendesha kama amebeba bakuli la supu ya moto. Mjini kila taa nyekundu niliiona kama adui. Nilikuwa nakanyaga mafuta hata nikiwa nimesimama, na shangazi alikuwa ananiambia nitulie, watu watadhani ninashindana nao. Simu yangu ilikuwa imebakiwa na chaji kidogo. Nikakataa kuichaji garini, nikiamini simu ndiyo itakayokula kile kidogo kilichobaki kwenye betri. Kumbe nachunga punje wakati gunia limetoboka.

Tulipita Msalato salama. Makutupora, pale wanapouza zabibu pembeni ya barabara, askari wa usalama barabarani akainua mkono.

"Habari ya safari. Zima gari, nione leseni."

"Afande, leseni hii hapa. Kuzima siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Hawezi, mwanangu," shangazi akaingilia. "Likizimwa hili, harusi imeharibika."

Nadhani ni neno "harusi" lililomtia wasiwasi, maana hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za harusi. Akarudi nyuma hatua moja, akalitazama gari lote toka mbele hadi nyuma. "Zima."

Nikazima. Akasoma leseni polepole sana, akaizungusha, akanirudishia. "Haya, nenda."

Tak.

Alinitazama mimi, akamtazama shangazi, ambaye kwa wakati huo alikuwa anakula chapati yake bila haraka.

"Harusi yenyewe ya nani?"

"Ya dada yangu, afande. Walii ni mimi."

"Wewe?"

"Ndiyo mimi."

Alivua kofia yake akampa shangazi aishike. Akawaita vijana wawili wa zabibu, wakashika nyuma, wakasukuma. Gari liliposhtuka na kuwaka, alikuja mbio dirishani kuchukua kofia, anahema. "Usisimame tena popote," akasema. "Hata mimi nikikusimamisha."

Shangazi alimpungia mkono mpaka alipopotea. "Kijana mzuri sana. Ana mke, unadhani?"

Makutupora hadi Chemba

Hapa sina cha kusimulia ila uwanda, na uwanda si kitu nilichowahi kukifikiria maishani mpaka siku hiyo. Mtu mwenye gari bovu la gia za mkono anatafuta kitu kimoja tu, mteremko. Ukiegesha kwenye mteremko unaweza kuzima, ukiondoka unaliachia liteleze lenyewe, unaachia klachi, limewaka. Basi nilianza kuikagua nchi yetu kwa jicho hilo. Mayamaya, tambarare. Mbele ya Mayamaya, tambarare. Milima ipo, lakini imekaa mbali huko upeoni kama wageni wa heshima, haiji karibu na barabara. Shangazi alitaka kushuka kujisaidia. Nikamwomba avumilie mpaka nione kilima. Alivumilia kidogo, halafu akaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, nikasimama. Nilimsubiri injini ikiwaka, nimekanyaga mafuta kama kichaa, na mbuzi wa watu wakatawanyika.

Yeye alikuwa ananilisha njiani: chapati, viazi vitamu vya kuchemsha, kipande cha samaki mkavu. Alikuwa anasikiliza kaswida kwenye redio na feni imefunguliwa mpaka mwisho, na mimi moyo unaniuma kwa umeme wote ule unaotumika, lakini kumwambia shangazi yako azime kaswida ni kazi ya mtu jasiri.

Tulipoanza kuona nyumba za Chemba, akafunga kikapu.

"Hapa tunashuka. Tunampa pole bi Asha, mke wa marehemu Salimu."

Nilijua Salimu amefariki siku chache nyuma. Alikuwa shemeji wa upande wa mume wa shangazi. Sikujua nyumba iko barabarani.

"Shangazi, tutampa pole wakati wa kurudi."

"Wakati wa kurudi tutakuwa tumeshakula pilau. Utaingia nyumba ya msiba unanuka pilau?"

Nikakata kona.

Chemba, msibani

Niliegesha pembeni ya turubai na kuacha injini ikiwaka. Nikawa nimekaa mkekani kwa wanaume, sikio moja kwenye pole, jingine kwenye gari. Haikupita muda mzee mmoja akaniinamia. "Mwanangu, lile gari linanguruma, na watu wanasoma khitma." Nikanyanyuka. Kabla ya kuzima nilizunguka nyumba nzima nikitafuta mteremko, hata mdogo wa kutiririshia maji. Mtu aliyeniona nahangaika huku nimeshika kanzu alidhani nimebanwa, akanishika mkono kwa upole akanipeleka chooni. Nikaingia, nitafanyaje. Nilipotoka nikazima gari.

Halafu ikaja sahani. Ugali wa uwele na mlenda, na huwezi kukataa chakula cha msibani ukasema una haraka ya kwenda harusini. Nilikula huku naliangalia jua. Walikuwa watu wema, na kila aliyemaliza kunipa mkono alikaa aniulize habari za upande wetu wa Kolo, nani mzima, nani amehama. Shangazi alikuwa ndani na wanawake. Alipotoka, adhuhuri ilikuwa imeshasaliwa, tumeshasali wote, na mimi nilikuwa natoka jasho la aina nyingine. Nikazungusha ufunguo mbele ya msiba mzima.

Tak.

"Sukumeni," akasema mzee wa khitma.

"Msisukume," ikasema sauti nyingine. "Mtasukuma mpaka lini? Mimi nipo."

Huyo alikuwa Fundi Hamisi, naye amekuja kuhani msiba, mtu mnene mwenye sauti ya spika. Alijitambulisha kwa kutaja mabasi yote aliyowahi kuyafunga nyaya. Alifungua boneti, akasikiliza kwa muda kitu ambacho hakikuwa kinalia, akatangaza: "Redio. Redio inakula."

Akaing'oa redio. Shangazi akauliza kama kaswida itarudi. Akajibiwa atulie, kazi inaendelea.

Kisha alichomoa waya mmoja wa betri na katikati akaunganisha kiglobu chake kidogo cha kupimia. "Gari limezimwa, milango imefungwa, ufunguo unao mfukoni," akauhubiria msiba. "Hiki kiglobu hakitakiwi kuwaka. Kikiwaka, bado kuna kitu humu ndani kinakula."

Kikawaka. Redio iko chini kwenye mkeka, imelala na nyaya zake, na kiglobu kinawaka.

Fundi hakutetereka. Alianza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, waombolezaji wakiwa wamekizunguka kiglobu kama watoto wanaoangalia mpira kwenye televisheni. Alipochomoa moja ya pembeni, kikazimika. "Aaah!" msiba ukasema kwa pamoja.

"Fyuzi ya taa za ndani," akasema Hamisi. Akairudisha, na waya wa betri pia, tukachungulia. Taa ya ndani imezimwa, iko juu pale, haina habari. Akakuna kichwa. "Basi waya umechubuka chini ya zulia. Tung'oe viti."

"Tung'oe viti?" nikapiga kelele. "Nikahi ni alasiri!"

"Kwani unataka gari au unataka nikahi?"

Nilisimama pale nikawaona wote kijijini: shehe, baba mdogo anakohoa kusafisha koo, Zaituni ndani ya chumba na gauni la kuazima, anajizoesha. Nilikuwa nimeshafika nusu ya njia. Sikuwahi kufika nusu ya njia kwenda kwenye harusi ya mtu. Na ajabu ni kwamba sasa nilikuwa nataka kufika, nataka kwa hasira, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Angalau tupunguze mzigo," mmoja wao akasema, akaenda nyuma, akafungua buti.

Mtu mmoja akasema, "Lailaha illa llah."

Mkumbuke lilivyofungwa. Marekani nyeupe, limelazwa urefu wa buti, utepe huku juu, utepe katikati, utepe huku chini.

"Mmembeba nani humu?" mzee wa khitma akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Gauni," nikasema.

"Gauni nani?"

Shangazi alipasua kundi la wanaume kwa viwiko. "Tokeni hapa, mnaogopa nguo!" Akafungua utepe wa juu, akavuta shela ya bibi harusi ikatoka na nakshi zake, na hapo ndipo watu walipoanza kupumua. Mimi nikaja haraka kuifunga tena kabla vumbi halijaiona. Na kwenye kuifunga, nikaona alama.

Kwenye kitambaa cha marekani, upande wa juu, palikuwa na doa la kahawia, duara, kama sarafu. Mtu mwingine angedhani ni uchafu. Mimi nimeunguza nguo za watu kwa pasi maisha yangu yote, naijua alama ya pasi kuliko ninavyoijua sura ya baba mdogo. Nikaligusa. Bado lilikuwa na joto. Nikainua macho: juu yake kabisa kulikuwa na taa ya buti, kifuniko chake kilishadondoka zamani, globu iko uchi, inawaka. Nikaigusa, nikaondoa kidole upesi.

"Fundi. Hii taa ni ya moto."

"Si umefungua buti? Buti likifunguliwa, inawaka. Likifungwa, inazimika."

"Tumefungua sasa hivi tu. Globu haiwezi kuunguza kitambaa kwa muda huu. Umejuaje kama inazimika likifungwa?"

Fundi Hamisi alifungua mdomo kutaja basi fulani, akaufunga.

Na kweli, ungejuaje? Ukilifungua uone, umeliwasha. Mtu akasema tuweke simu ndani ipige picha. Yangu ilikuwa imezimika zamani, kwa akili zangu zile za asubuhi. Ya fundi ni ya vibonyezo, ya shangazi vivyo hivyo, na mzee wa khitma akasema hawezi kukubali tuanze kupiga picha msibani.

Nikamkabidhi shangazi gauni, nikakunja kanzu, nikaingia kwenye buti mwenyewe. Fundi akanifungia.

Niwaambieni. Mle ndani palikuwa panang'aa kama dukani. Sikuwahi kuona mwanga mzuri na wenye aibu namna ile. Taa inawaka pembeni ya uso wangu, buti limefungwa barabara, na haina mpango wa kuzimika. Nikatafuta kwa macho. Pembeni ya kitasa kulikuwa na kibonyezo kidogo, ndicho kinachotakiwa kubonyezwa na mfuniko ukishuka. Mfuniko haukukigusa. Ulikuwa umeinuliwa kwa unene wa kidole, umekaa kwa raha juu ya vipande vyangu vya ndala za bluu.

Nikakibonyeza. Giza. Nikaachia. Mwanga. Giza. Mwanga.

"Ni ndala!" nikapiga kelele. "Ni ndala zangu!"

Nje, hilo nilisimuliwa baadaye, alikuwa ndiyo kwanza amefika babu mmoja kutoka mbali, amekuja kutoa pole. Alichokuta ni hiki: mwanamke mzima amesimama amebeba kitu kirefu cheupe, mtu mnene ameinama anaongea na buti la gari, na buti linamjibu. Fundi akafungua. Mimi nikainuka kutoka mle na kanzu yangu nyeupe, nikasema, "Asalaam alaykum."

Babu akakaa chini pale pale alipokuwa, kwenye vumbi.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa bi Asha, mjane. Alikuwa ametoka mlangoni kuona kelele za nini. Alianza kwa kujizuia na ncha ya khanga, halafu ikamshinda, akashika nguzo ya turubai, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wanawake nyuma yake wakaangua. Nilisimama kwenye buti sijui nishuke au nibaki. Alinijia akanishika mkono.

"Tangu Salimu aondoke sijacheka," akasema. "Nendeni sasa. Pole yenu nimeipata."

Niliiomba wembe nyumba ile, nikakata kipande cha ndala kilichokuwa karibu na kibonyezo, na globu nikaichomoa kabisa nikaitia mfukoni, kwa hasira. Fundi akafunga kiglobu chake cha kupimia. Hakikuwaka. "Nilisema toka mwanzo ni taa," akawaambia watu. Redio aliirudisha, na kaswida ikarudi. Msiba mzima ukasukuma gari la harusi, hata yule babu wa vumbini aliweka mkono.

Chemba hadi Kolo

Nilimwambia shangazi ahsante baada ya kutoka mjini. Kama tusingeshuka kutoa pole, lile doa lingepenya mkunjo mmoja zaidi na Zaituni angeolewa akiwa na gauni lenye tundu. Alitikisa kichwa tu. "Mimi nilishuka kwa ajili ya Asha," akasema.

Baada ya mji wa Kondoa ndipo nchi ilipoamua kuinuka. Miteremko kila mahali, mizuri, mirefu, ya kila aina, sasa ambapo sina haja nayo. Nilicheka mpaka shangazi akaniuliza kama joto la kwenye buti lilinipanda kichwani.

Kijijini tulikuta alasiri imeshasaliwa. Wanaume wamekaa uani kwetu kwa duara, bwana harusi ameinamisha kichwa, na mbele ya shehe, kwenye nafasi yangu, amekaa baba mdogo Ramadhani, ameshasafisha koo mara ya mwisho. Nilisimamisha gari mbele ya watu wote. Nikalizima kwa mkono wangu mwenyewe, taratibu, na ule ukimya wake ulikuwa mtamu.

Nikapiga hodi. Wote wakageuka kunitazama. Kanzu ilikuwa na grisi begani na vumbi la buti mgongoni. Lile buti lisiloingia vumbi.

Shangazi alipitisha gauni dirishani kwa wanawake. Nikasikia sauti ya Zaituni kutoka ndani: "Amekuja mwenyewe, au ni gauni peke yake?"

"Ni mimi," nikasema.

Vikapigwa vigelegele, na katikati yake nikasikia mke wangu anamwambia mtu, "Nipe changu, si nilisema atakuja?"

Baba mdogo akasogea. Akasogea kwa heshima kabisa, na akanikung'utia mkeka vumbi nikae. Shehe akanitamkisha. Nilipofika kwenye jina la dada yangu, sauti ikanikatika, ikabidi nirudie toka mwanzo. Watu walidhani ni uchovu wa safari, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Kurudi

Nilikaa kijijini kuliko nilivyopanga. Gari lililala nje, usiku mmoja, wa pili, na zaidi, na mimi kila asubuhi nilikuwa sina haraka ya kulijaribu, maana kulikuwa na asali, na pilau ya jana yake ambayo mnajua ni tamu kuliko ya siku yenyewe. Asubuhi ya kuondoka, familia nzima ilijipanga nyuma ya gari tayari kusukuma, Zaituni na mumewe wakiwa mbele. Nikazungusha ufunguo. Likawaka mara moja, hata halikukohoa. Walionekana kama walionyimwa kitu.

Chemba tulisimama, tukazima, tukampa bi Asha pilau ya kufungashiwa. Makutupora afande aliniona kwa mbali, akashusha mkono wake, akageukia upande mwingine.

Nyumbani niliegesha pale pale. Kichwa cha Mama Nyemo kikatokea juu ya ua kabla sijafungua mlango. Nikamsimulia yote, redio, kiglobu, buti, babu wa watu, na nikamwonyesha globu yenyewe. Nikamweleza kwamba taa ilikuwa inawaka usiku kucha tangu nilipobandika ndala, na mwanga wake lazima ulikuwa unatokea kwenye matundu ya spika yaliyo chini ya kioo cha nyuma, upande wa dirishani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema:

"Hiyo taa nilikuwa naiona kila usiku, jirani. Sikukwambia kwa sababu sikujua kama una mpango wa kwenda popote."